Vita vya Panzi na Duka la Jirani

Ndugu msomaji, mtoto akitumwa dukani huulizwa jambo moja kabla hajavuka kizingiti: "Hela umeishika vizuri?" Neno hilo tunalitamka kila siku bila kujiuliza lilitoka wapi. Mwaka 1904 Serikali ya Wajerumani iliyokuwa ikitawala nchi hii ilileta sarafu ndogo iliyoitwa Heller, na Heller 100 zilikuwa sawa na rupia moja. Wazee wetu waliitamka kwa ulimi wao ikawa hela. Mjerumani aliondoka, rupia ikaondoka, na sarafu yenyewe sasa haionekani ila katika makusanyo ya vitu vya kale. Neno limebaki dukani.

Leo napenda tuzungumze juu ya duka na mwenye duka, hasa yule aliyetoka mbali au aliyezaliwa na watu waliotoka mbali, na jinsi majirani wanavyomgeuzia uso nchi inapoingia vitani. Nimechagua habari ya Wajerumani kwa makusudi. Sisi wa upande huu wa Mlima Meru tuliishi nao, na katika kuishi huko tulionja machungu mengi kuliko matamu. Kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba nawaonea huruma kwa sababu walitufadhili. Haki hupimwa vizuri zaidi kwa mtu ambaye moyo haumpendi.

WALIOKUJA MERU

Anayesafiri kutoka Moshi kwenda Arusha hupita Kikatiti kabla hajafika Maji ya Chai na Usa River. Kando ya barabara ataona maduka ya vyakula, ya pembejeo na ya vifaa vya ujenzi, pamoja na vibanda vya kutuma fedha kwa simu. Wenye maduka ni wenyeji na watu waliohamia kutoka wilaya nyingine, na wanunuzi hawaulizani kabila wanapotafuta chumvi.

Nchi hiyo ya tambarare chini ya mlima ina historia nzito. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa chama cha Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Jeshi la Wajerumani chini ya Kapteni Johannes lililipiza kisasi kwa moto na risasi, na mifugo mingi ikachukuliwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa huko Moshi pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Meru. Baada ya mtutu wa bunduki yakafuata mashamba. Kuanzia mwaka 1904 walikuja Makaburu kutoka Afrika Kusini. Nyuma yao wakaja Wajerumani waliozaliwa Urusi, ambao babu zao walikuwa wamehamia huko vizazi kadhaa kabla. Hao wa Urusi walianzisha kijiji chao karibu na Leganga, upande wa Usa River, wakakiita Leudorf. Mmeru akajikuta amebanwa katikati: juu yake msitu wa mlima, chini yake mashamba ya wageni.

Tuone basi jambo la kwanza ambalo mara nyingi hutuponyoka. Neno "Mjerumani" lilibeba watu wa namna nyingi. Alikuwamo afisa aliyeamuru viboko 25. Alikuwamo tajiri wa mkonge. Alikuwamo pia mkulima wa Leudorf ambaye hakuwahi kuiona Berlin kwa macho yake. Huko Unguja walikuwako wafanyabiashara wa Hamburg, wa nyumba za O'Swald na Hansing, waliofungua biashara visiwani miaka mingi kabla ya Ujerumani kuwa na koloni hata moja katika Afrika. Heinrich Ruete, aliyemuoa Bibi Salme binti wa Sayyid Said, alikuwa mmoja wa watu wa Hansing. Maduka madogo ya mitaani na vijijini yalikuwa zaidi mikononi mwa Wahindi na Waarabu, lakini biashara kubwa ya kuleta vitambaa na vyombo na kupeleka pembe na karafuu ilipitia sana katika milango ya Wajerumani hao.

Vita vilipolipuka Agosti 1914 watu hao wote walitiwa katika kapu moja. Unguja, iliyokuwa chini ya Waingereza, nyumba za biashara za Wajerumani zilifungwa na mali zao zikahesabiwa kuwa mali ya adui. Upande wa bara Wajerumani nao hawakukaa kimya. Waliwakamata wamisionari Waingereza wa UMCA wakawaweka kizuizini, na walimu wao Waafrika wakatiwa gerezani na kuteswa kwa kushukiwa kwamba wanapeleka habari kwa adui. Kila upande ulimkamata yule aliyekuwa karibu na mkono wake.

MKATE WA LONDON

Ili tuelewe chuki hii inavyofanya kazi, inatubidi tusafiri kidogo hadi Uingereza kwenyewe. Maana huko nako mwenye duka wa asili ya Ujerumani alionja ghadhabu ya jirani zake.

Kabla ya vita miji ya Uingereza ilikuwa na maelfu ya Wajerumani waliohamia kutafuta riziki. Wengi walikuwa waoka mikate, wauza nyama na vinyozi. Walifanya kazi usiku wakati wengine wamelala, wakafungua milango alfajiri, na mitaa ya maskini ikala mkate wao. Wengine walikuwa wamekaa huko miaka 20 au 30, wameoa wanawake wa Kiingereza na kuzaa watoto wasiojua lugha nyingine ila Kiingereza.

Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Ujerumani iliizamisha meli ya abiria iliyoitwa Lusitania karibu na pwani ya Ireland. Watu karibu 1,200 walikufa, wakiwamo wanawake na watoto. Mabaharia wengi wa meli hiyo walikuwa wenyeji wa Liverpool. Kilio kilipofika mitaani, umati ukaanza kuvunja vioo vya maduka yenye majina ya Kijerumani, kisha ukaingia ndani. Moto wa fujo ulitoka Liverpool ukafika Manchester, na baada ya siku chache ukafika London. Katika London peke yake majengo yapatayo 2,000 yaliharibiwa au kuporwa. Hata Afrika Kusini, Johannesburg na Cape Town, maduka ya Wajerumani yalichomwa katika juma hilohilo.

Ajenti wa wakati huo hakuwa na redio wala simu ya mkononi, lakini uvumi ulikimbia vilevile. Ilisemwa kwamba muoka mikate anatia sumu katika unga, na kwamba kinyozi anasikiliza mazungumzo ya wateja apeleke Berlin. Wapo waliovunjiwa maduka huku watoto wao wa kiume wamevaa sare ya jeshi la Uingereza. Wapo pia walioporwa bila kuwa Wajerumani kabisa, Warusi na Wayahudi ambao kosa lao lilikuwa kuwa na majina magumu kutamka. Baadhi yao walibandika karatasi dirishani kueleza kwamba wao ni Warusi, yaani washirika wa Uingereza katika vita hivyo.

Sylvia Pankhurst, mwanamke aliyepigania haki za wanawake na ambaye baadaye alikuwa rafiki mkubwa wa Ethiopia hata akazikwa Addis Ababa mwaka 1960, alikuwa akiishi mtaa wa maskini mashariki ya London wakati huo. Aliyaona mambo hayo na kuyaandika. Aliwajua vizuri waliokuwa wakipora, maana ndio aliokuwa akiwahudumia. Bei ya mkate na ya makaa ilikuwa imepanda, mishahara ilikuwa haitoshi, na waume walikuwa vitani. Njaa ilimtafuta mtu wa kumlaumu, na serikali iliyoingia vitani ilikuwa mbali, nyuma ya milango mirefu. Duka la mkate lilikuwa pembeni mwa mtaa.

Akina mama wanaosoma ukurasa huu na watafakari jambo lifuatalo. Sheria ya Uingereza ya siku hizo ilisema kwamba mwanamke akiolewa na mgeni, anapoteza uraia wake na kuhesabiwa wa taifa la mumewe. Kwa hiyo mwanamke aliyezaliwa London, na mama yake akazaliwa London, aliamka asubuhi moja ya Agosti 1914 akakuta kwamba yeye ni adui katika mtaa aliochezea utotoni. Alitakiwa kujiandikisha polisi. Mumewe alipochukuliwa kizuizini, alibaki na watoto, duka lililovunjwa, na majirani waliokuwa wakimnunulia jana.

Maana baada ya fujo serikali haikushughulika na wavunjaji peke yao. Tarehe 13 Mei 1915 Waziri Mkuu Asquith alitangaza kwamba wanaume wa mataifa ya adui wenye umri wa kwenda vitani watawekwa kizuizini, na wengine watarudishwa makwao. Kambi ya Knockaloe katika kisiwa cha Man ilifikia kuwa na watu zaidi ya 20,000. Umati ulitupa jiwe, sheria ikaja nyuma yake kukamilisha kazi.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Tangu Oktoba 1914 mtu wa taifa la adui alikatazwa kubadili jina lake. Lakini Julai 1917 Mfalme George wa Tano, ambaye ukoo wake ulikuwa na jina la Kijerumani la Saxe-Coburg na Gotha, alitoa tangazo kwamba ukoo huo sasa utaitwa Windsor. Mfalme alilivua jina akalitundika, na hakuna aliyevunja kioo cha nyumba yake. Mwenye duka alibaki na lake juu ya mlango.

Na Urusi, nchi ambako wale wa Leudorf walizaliwa, mambo yalikuwa hayohayo. Katika mwaka huo wa 1915 umati wa Moscow ulivamia maduka ya watu wenye majina ya Kijerumani, ukatupa mali barabarani kutoka madirishani. Wengi wa walioporwa walikuwa raia wa Urusi.

KWA NINI MWENYE DUKA?

Tujiulize kwa nini chuki ya vita hupenda kuanzia dukani. Jemadari wa adui yuko mbali na ana mizinga. Mwenye duka yuko karibu, jina lake limeandikwa juu ya mlango, na hana mzinga. Tena yeye ndiye anayetangaza habari mbaya kila siku: sukari imepanda, mafuta ya taa yamekwisha, leo hakuna kukopa. Hata kama bei imepandishwa na vita vyenyewe, kinywa kinachoitamka ni chake.

Halafu kuna lile daftari. Kila duka la mtaani lina daftari la madeni, na ndani yake mna majina ya watu wenye heshima zao. Siku duka linapochomwa na daftari huungua. Sisemi kwamba kila aliyerusha jiwe alikuwa na deni, wala sisemi kwamba uchungu wa waliofiwa katika Lusitania ulikuwa wa uongo. Nasema kwamba katika umati uchungu wa kweli wa mfiwa huchanganyika na tamaa ya asiyefiwa, na bendera huwafunika wote wawili. Yuko mdaiwa. Yuko mwenye duka la pili ambaye miaka yote ametamani wateja wa la kwanza. Yuko kijana ambaye hajui vita vinahusu nini ila ameona mlango uko wazi.

NANI ALIFAIDI TANGANYIKA?

Sasa turudi nyumbani. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi na Arusha. Smuts mwenyewe alikuwa Kaburu aliyepigana na Waingereza miaka 14 tu kabla ya hapo, na sasa aliwaongoza. Waafrika walibebeshwa vita hivyo vichwani na mabegani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, homa na kuhara, na jina la Kariakoo, soko kuu la Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kambi yao.

Vita vilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliweka jambo wazi katika kifungu cha 122. Serikali zitakazoshika makoloni ya Ujerumani ziliruhusiwa kuwarudisha Wajerumani kwao, na kuamua kama wanaweza kuishi humo, kumiliki mali, kufanya biashara au kazi ya ufundi. Waliondolewa. Wamisionari wa Leipzig nao walipelekwa kwao mwaka 1920, akiwamo Bruno Gutmann wa Kilimanjaro, na kwa muda walimu na wazee Waafrika wakayaongoza makanisa wenyewe. Mashamba, nyumba na maduka yalipigwa mnada. Mengi yalinunuliwa na Waingereza, Wagiriki na Wahindi waliokuwa na fedha.

Mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na wengi walirudi. Ilipokaribia miaka ya mwisho ya 1930 walikuwa zaidi ya 3,000 katika Tanganyika, hawakuwa mbali sana na idadi ya Waingereza wenyewe. Hapa lazima tuseme ukweli wote. Miongoni mwao walikuwamo wafuasi wa Hitler waliojiunga na chama chake, wakapandisha bendera yake katika nchi isiyo yao, wakingoja siku ambayo Tanganyika ingerudishwa mikononi mwa Berlin. Mwafrika aliyekumbuka utawala wa viboko alikuwa na haki ya kuiogopa siku hiyo. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, Serikali iliwakamata wanaume wa Kijerumani upesi. Wengine walirudishwa kwao na wengine wakapelekwa kambi za Afrika Kusini na Rhodesia.

Lakini hata katika hofu iliyo na sababu, kapu moja hudanganya. Katika Kenya, Septemba hiyohiyo, waliokamatwa kama raia wa adui ni pamoja na Wayahudi waliomkimbia Hitler. Stefanie Zweig, ambaye alikua katika shamba la Kenya akiwa binti wa mkimbizi wa namna hiyo, alikisimulia kisa chake katika kitabu kilichotoka mwaka 1995, na filamu iliyotokana nacho ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Hitler aliwafukuza kwa kuwa si Wajerumani wa kutosha, na Mwingereza akawafunga kwa kuwa ni Wajerumani mno. Hati ya kusafiria haielezi mtu amemkimbia nani.

Na mali je? Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mmeru aliyemwona Mjerumani akiondoka mara mbili, mwaka 1920 na tena 1939, angeweza kutumaini kwamba ardhi ya babu zake itamrudia. Sehemu kubwa haikurudi. Baada ya vita vya pili Jaji Wilson alipewa kazi ya kuchunguza ugawaji wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, yakiwamo mashamba yaliyokuwa ya Wajerumani, na taarifa yake ikatoka mwaka 1947. Matokeo yake watu wa Meru wanayakumbuka. Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili nafasi ipatikane kwa wafugaji wa Kizungu. Kirilo Japhet alisafiri hadi New York mwaka 1952 na kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, kuyaeleza madai ya watu wake. Adui wa Uingereza alikuwa amekwisha kushindwa miaka kadhaa kabla ya hapo. Mwenye shamba alibadilika uraia, na aliyenyang'anywa akabaki yuleyule.

Hilo ndilo somo langu la leo. Chuki dhidi ya mwenye duka au mwenye shamba wa taifa fulani haimrudishii haki yake aliyedhulumiwa. Dhuluma ya Meru ilikuwa katika sheria ya ardhi na katika utawala wa kigeni. Iliendelea bila Mjerumani, na ilipatiwa dawa kwa madai yaliyopangwa, kwa chama na kwa uhuru.

KARIBU NA SISI

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu wa zamani. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, akaiita hatua yake vita vya uchumi. Maduka yao yaligawiwa askari na marafiki wa utawala, watu ambao Waganda wenyewe waliwaita mafutamingi. Baada ya muda mfupi rafu zilikuwa tupu, na mfanyakazi wa Kampala akawa anatafuta sukari na sabuni asizipate. Mwalimu Nyerere aliilaani hatua ile kwa jina lake, ubaguzi wa rangi. Alikuwa amekwisha kuonya mapema, katika gazeti la The Nationalist la tarehe 14 Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi havikai chungu kimoja.

Na sisi wenyewe tulijaribiwa. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Kagera, yakaua na kupora. Uchungu wetu ulikuwa mkubwa, na katika nchi yetu walikuwako Waganda wengi: wakimbizi, walimu, wafanyakazi. Lakini tulimtaja adui kwa jina lake. Tulimwita nduli Amin, wala hatukusema "Waganda". Machi 1979, katikati ya vita hivyo, Waganda walioishi uhamishoni walikutana Moshi, mwendo mfupi tu kutoka Kikatiti, kupanga serikali ya nchi yao. Walipita barabara hii ileile. Hilo ni jambo la kujivunia, na tuwasimulie watoto kama tunavyowasimulia habari za mizinga.

Majirani zetu nao wamejaribiwa. Kenya ilipeleka majeshi Somalia Oktoba 2011. Novemba 2012, baada ya bomu kulipuka ndani ya basi dogo Eastleigh, Nairobi, makundi ya watu yaligeukia maduka na nyumba za Wasomali, wengi wao wakiwa Wakenya wa kuzaliwa. Afrika Kusini mwaka 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa katika fujo dhidi ya wageni, na maduka ya Wasomali na Waafrika wengine yakaporwa. Nchi ile haikuwa vitani, lakini maneno yaliyosemwa mitaani yalikuwa ya vita.

Nchini mwetu, Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowazuia watu wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, yakiwamo maduka ya rejareja. Nchi huru ina haki ya kupanga nani apewe leseni, na wafanyabiashara wetu wadogo walikuwa wamelalamika muda mrefu. Lakini amri ya namna hiyo hutekelezwa na ofisa mwenye kitambulisho, kwa karatasi na kwa muda uliowekwa. Haimpi jirani ruhusa ya kumtukana mke wa mtu sokoni, wala haimruhusu kijana kuamua kwa macho nani ni raia. Wapo Watanzania wa kizazi cha nne ambao sura zao na majina yao yatamdanganya anayetazama haraka.

KAZI YA NYUMBANI

Wazazi, jambo hili huanzia mezani. Mtoto akisikia baba anasema "hawa watu ni wezi wote" kwa sababu ya kilo moja iliyopunjwa, ameshajifunza. Mwenye duka akipunja mizani, atajwe yeye na mizani yake, na ashitakiwe kwa wakala wa vipimo. Akificha bidhaa, iitwe serikali ya mtaa. Akiwa kweli ni mpelelezi wa adui, ziko mamlaka zenye kazi hiyo, nazo hutaka ushahidi. Ikija habari katika simu kwamba dukani kwa fulani kuna sumu, muulize aliyeituma ameionaje. Usipopata jibu, usiipitishe kwa mwingine. Na ukiwa una deni katika daftari, lilipe mapema, ili siku ya fujo uchungu wako usiwe na sababu mbili.

Vita vikija, Mungu apishe mbali, tutahitaji mtu wa kutufungulia mlango saa 11 alfajiri atuuzie unga. Ni vizuri tumjue jina lake la kwanza tangu sasa, na majina ya watoto wake wanaosoma na wa kwetu.

Tukutane tena Jumapili ijayo.